Bisi Ndani ya Injini

Binamu yangu alinitukana kila siku aliyoniona, tangu tulipokuwa watoto wa kukimbia uchi, na mimi nikamtukana vilevile, na hatukulala na kinyongo hata siku moja. Yeye ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu sisi mtoto wa mjomba ni mtani. Mtani hakuamkui kama watu wengine. Akikukuta barazani atakuuliza hilo tumbo ni lako au umewekewa na mtu, na wewe utamuuliza ule uso alizaliwa nao au aliangukiwa na nazi. Ukikasirika, wewe ndiye mjinga, na watu wote watakucheka. Naanza na haya kwa sababu nikieleza habari za lile gari bila kueleza utani, msomaji ataniona mpumbavu. Mpumbavu labda nilikuwa, lakini si kwa namna hiyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa na gereji Muyeye, pale Malindi, banda la makuti nyuma ya nyumba na shimo nililolichimba mwenyewe la kuingia chini ya magari. Ufundi niliuanzia Kilifi kwenye injini za maboti, zile za kufungwa nyuma, nikapanda polepole hadi magari. Binamu alikuwa dereva wa lori la maziwa, kutoka Mariakani kuja kwetu na kurudi. Nilikuwa nikimwambia kwamba kwa anavyoendesha, maziwa yake hufika yameshakuwa siagi. Uongo mtupu. Sijamwona mtu akiendesha kama yeye, wallahi. Lori limejaa, njia ni ya changarawe, mvua inanyesha, naye ameegemea mlango kama mtu aliye kwenye kiti cha kinyozi. Gari likiteleza hakupigana nalo. Aliliacha litelezee linakotaka, kisha akaliita kidogo kwa usukani, likarudi.

Alitaka kuendesha magari ya mbio. Alilitaka jambo hilo tangu utotoni, na kadiri alivyokuwa mtu mzima hamu ikazidi badala ya kupungua. Lakini nani atampa mchukuzi wa maziwa gari la mbio?

Ndipo likaja lile gari. Lilikuwa la Mtaliano mmoja mwenye hoteli ufukweni, mtu mwema, mwenye kelele nyingi na subira kidogo. Alilinunua Nairobi. Lilikuwa fupi, jekundu, limelala chini hata ukitaka kuingia lazima kwanza ujishushe kama mtu anayeketi mkekani. Injini yake ilikuwa ya rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani mna vipande viwili vya chuma vya pembe tatu vinavyozunguka, na kwenye kila ncha mna sili nyembamba ya kuzuia moto usivuje upande wa pili. Hiyo sili ndiyo roho ya injini. Juu ya hayo, fundi wa huko Nairobi alikuwa ameifungia turbo, lile feni linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nalo huisukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Petroli isipotosha, moto hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga. Injini ya pistoni ikigonga huvumilia, itagonga leo na kesho na mwaka ujao. Rotari haivumilii. Ikigonga vizuri mara chache tu, sili hukatika.

Mtaliano alikwisha lipeleka kwa mafundi wengine, wakafungua boneti, wakaifunga, wakamwombea dua. Mimi nililipokea kwa kiburi changu cha ujana. Na kusema kweli nililielewa upesi, maana ile injini huchoma oili yake kidogo kidogo kwa makusudi, kama injini ya boti, na mimi nililelewa na moshi wa boti. Kosa la kwanza nililiona siku ileile. Gari lilipimwa bara, mlimani, ambako hewa ni nyepesi. Hewa ya kwetu pwani ni nzito. Kwa hiyo petroli iliyotosha Nairobi huku ilikuwa haba, na cheche za plagi zilikuja mapema mno.

Nikaanza kazi. Nikafungua kabureta, nikavipanua vile vishimo vya kupitishia petroli kwa kekee nyembamba kama unywele, kidogo, nikarudisha, nikampa binamu aendeshe, akirudi nachomoa plagi na kuzitazama. Plagi nyeupe maana yake injini ina kiu. Nyeusi maana yake inazamishwa. Nilikuwa nikitafuta rangi ya biskuti. Kisha cheche. Nikalegeza distribyuta, kile kifaa cha kugawa cheche, nikaizungusha nyuma upana wa ukucha, nikaikaza, na tukaanza upya. Kila kipande cha pembe tatu kina chumba chake chenye plagi mbili, moja hupiga kwanza na nyenzake hufuata, na zote mbili zina maneno yao. Nilizipenda siku zile. Binamu alikuwa akija na lori lake mara maziwa yakishashushwa, ananikuta nimeinama ndani ya boneti, ananiuliza, "Ee fundi wa majiko, bado wapika? Wageni wana njaa!" Nami namwambia, "Nyamaza wewe, ng'ombe wako wakusubiri Mariakani."

Yule Mtaliano alikuwa na rafiki yake, Mzungu wa Nairobi, aliyeongoza timu ya magari ya mbio. Timu ilikuwa imepungukiwa na dereva. Mtaliano alikuwa amekaa na binamu kiti cha pembeni mara moja, akashuka mweupe zaidi ya alivyopanda, akaenda moja kwa moja kupiga simu. Jibu likaja kwamba yule bwana wa timu atapita Mariakani akielekea Mombasa, na atasimama juu ya mlima upande wa Kaloleni. Binamu atoke na gari hilo Mavueni, apande mpaka pale, naye atamtazama. Akipendezwa, atamchukua.

Nilimpa habari hiyo mimi mwenyewe, pale gerejini. Aliketi juu ya tairi. Akaniambia, "Ukiniharibia hili, nitakuoa mimi mwenyewe nikutese uzeeni." Nikacheka. Lakini mke wake alimwambia mke wangu kwamba mumewe halali, hugeuka kitandani akikanyaga klachi kwa mguu. Basi nilijua. Mtu asiniambie kwamba sikujua jambo lile lilikuwa na uzito gani kwake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu hunihukumu. Binamu alikuwa na tabia. Katika majuma yote yale ya kulipima gari, hakurudi hata siku moja bila kunizulia balaa. Siku moja alirudi akilisukuma kwa mkono, jasho linamtiririka, uso umemshuka, akasema oili imekwisha presha. Nikaingia shimoni. Nikafungua kila kinachofungulika. Nilipotoka nimepakaa oili mpaka masikioni, nilimkuta ameketi na majirani wanakula miwa, wanacheka hadi machozi. Siku nyingine alisema turbo imemeza kaa. Kaa, yule mnyama! Na mimi nikafungua mpira wa hewa kutazama, kwa sababu Malindi kaa huingia popote. Nami pia sikumwacha. Nilimtilia pilipili kwenye kitambaa chake cha kufutia jasho. Ndivyo tulivyokuwa, na ndivyo tulivyopendana.

Siku moja kabla ya safari alilichukua gari peke yake, akaenda nalo mpaka ng'ambo ya Gede, kwenye ile barabara inayonyooka kando ya msitu. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu nilikuwa na wageni wa mke wangu. Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Sinia la wali limeshawekwa, shemeji zangu wapo. Akanawa mikono, akaketi, akamega tonge, ndipo akasema mbele ya wote:

"Gari la huyu bwana lakaanga bisi."

"Bisi gani?" wakamuuliza.

"Bisi! Ukilikanyaga mpaka mwisho, ukashikilia, ukashikilia, lasikika paa, pa-pa-pa, huko mbele. Huyu si fundi wa magari. Huyu auza bisi nje ya sinema."

Watu wakacheka. Na mimi nilikuwa na la kumjibu, tena nililiona zuri. Nikasema, "Si injini hiyo. Ni meno yako yanayogongana kwa woga. Kesho yafunge kwa kitambaa." Lo! Shemeji zangu nusura wapaliwe. Binamu naye akacheka, akanirushia mfupa wa samaki. Akaongeza, "Haya, utaniona nikifika kwa yule mzungu na bisi mkononi. Nitamwambia ni zawadi kutoka kwa fundi." Tukacheka tena. Tukala. Akanywa maji, akaniuliza kama nimelitazama lile kabureta, nikamwambia kabureta langu lina akili kuliko kichwa chake, akasema, "Haya." Kisha akaenda kulala.

Nimekirudia kile chakula cha mchana mara nyingi kuliko sala zangu. Naliona sinia, naiona mikono yake. Alisema yote ambayo fundi huhitaji kuambiwa. Alisema sauti ilivyo. Alisema inatoka wapi. Alisema haiji mpaka ukanyage na kushikilia. Mteja yeyote angeniambia hivyo, hata mjinga asiyejua plagi na msumari, ningeacha wali nikatoka. Kwa maana mimi na yeye tulipolipima gari pamoja, tulikuwa tukikanyaga kwa muda mfupi tu, na plagi zilitoka na rangi nzuri. Kumbe pampu ya petroli ilikuwa dhaifu. Kwa mbio fupi ilitosha. Ukishikilia, lile bakuli la kabureta lilikuwa likikauka polepole, na injini ikaanza kupata kiu wakati ule ule turbo imeijaza hewa. Dawa yake ilikuwa kazi ya nusu saa. Ningerudisha cheche nyuma kidogo, ningepunguza nguvu ya turbo. Angepanda ule mlima taratibu zaidi kidogo, lakini angeupanda.

Asubuhi tulivuka Kilifi kwa feri, tukashuka upande wa Mnarani. Nilikuwa pembeni yake, na Mtaliano alikuwa mbele yetu na gari lake jingine. Pale Mavueni nilishuka, kwa kuwa bwana wa timu alitaka dereva awe peke yake. Nikapanda gari la Mtaliano tukatangulia kilimani. Kabla sijafunga mlango nilimwambia binamu, "Usinitie aibu, mbwa we." Akasema, "Aibu ulizaliwa nayo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya utani niliyoyapata kutoka kwake.

Yule bwana alikuwa amesimama kando ya barabara na kofia ya pama, mtu wa maneno machache. Tukangoja. Kwanza tukalisikia gari kabla ya kuliona. Rotari haina mngurumo kama magari mengine, ina sauti ya nyuki aliyefungiwa kwenye debe, na juu yake turbo inapiga mbinja. Likatokea kwenye kona ya chini. Ee Mola wangu, alivyoiingia ile kona! Changarawe ilikuwa imemwagikia lami yote, na yeye akaliachia gari likaja ubavu, vumbi na mawe, kisha likanyooka kama lililovutwa na uzi. Yule bwana alitoa mikono mifukoni. Nilimwona. Aligeuka akamtazama Mtaliano, akatikisa kichwa kwa ule mtikiso wa mtu aliyefurahi na hataki kuonyesha.

Halafu ukabaki mlima mtupu, mrefu, umenyooka. Binamu akakanyaga, akashikilia.

Nilizisikia. Pa. Pa-pa-pa. Ndivyo hasa alivyosema, bisi kwenye sufuria. Nikapiga kelele, nikapunga mikono miwili, "Achia! Achia!" Angenisikia vipi? Ukaja mlio mmoja mkavu, na moshi mweupe ukatoka nyuma, na ule wimbo wa nyuki ukawa kikohozi. Gari lilisogea likitetemeka, likasimama kabla ya kutufikia. Sili ilikuwa imekatika, na chumba kimoja cha injini kimekufa.

Yule bwana alitembea mpaka dirishani akampa binamu mkono. Alimwambia kwamba anaendesha vizuri sana. Akasema pia kwamba dereva wa mbio lazima aisikie injini yake kabla haijafa, na kwamba aliyeshikilia namna ile ama hakusikia ama hakujali, na katika timu yake hawezi kumchukua wa aina yoyote kati ya hizo. Akaingia garini kwake akashuka Mombasa. Binamu hakujitetea. Angeweza kusema, "Nilisikia jana, nikamwambia fundi." Alinitazama tu. Ile nafasi ilikuwa moja, na haikurudi tena.

Tulilivuta gari kwa kamba mpaka Kilifi. Tulipokuwa tukingoja feri nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kwa hasira, maana mimi nikiumia hukasirika, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Uliniambia kwa mzaha! Mbele ya sinia la wali! Uliniambia kwa mzaha kama ulivyoniambia habari ya oili, kama ulivyoniambia habari ya kaa!"

Aliitazama feri ikija. Kisha akasema polepole, "Nilikuwa naogopa. Niliogopa nikinena kweli, itakuwa kweli. Nikasema nitamwambia kwa njia yetu, ataelewa. Mimi na wewe tulikuwa na lugha gani nyingine?"

Nimeambiwa na kila mtu kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ahsanteni, nimesikia. Lakini wanaosema hivyo hawajapata kuwa na mtani. Sikubali kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu, wala la kwake peke yake. Yeye alificha woga wake ndani ya kicheko, kwa kuwa sisi huko ndiko tulikoweka kila kitu, mapenzi na wivu na huzuni, tangu utoto. Mara zote mmoja akificha, mwenzake aliweza kupekua akakiona kilichofichwa. Siku ile sikupekua. Nilikuwa na jibu zuri mdomoni.

Nilimwambia pale ferini, "Nisamehe." Nilitaka aniambie kwamba uso wangu wakati wa kuomba msamaha wafanana na papa aliyekaushwa. Ndivyo angesema. Badala yake akasema, "Usijali, ndugu yangu."

Hakuwa amepata kuniita ndugu yangu maisha yake yote.

Mwanzo nilidhani ni hasira, itapita. Haikuwa hasira. Hasira ningeiweza. Aliendelea kuleta maziwa Malindi, na akipita kwangu alisimama mlangoni akanisalimu, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya kazi, akanitakia heri. Mke wangu alimsifu, akasema binamu yako amekuwa mtu mzima sasa. Nilitamani kulia. Siku moja nilimwekea pilipili kwenye kitambaa chake kama zamani. Alijifuta, macho yakamwasha, akaenda kunawa bombani, akaja akaniaga kwa mkono. Baadaye akahamia Mariakani kabisa na familia yake, na mimi nikabaki na wateja wangu. Injini za rotari sikuzigusa tena. Si kwa sababu ya kuziogopa.

Alipomwozesha binti yake wa kwanza alinialika, nami nikaenda Mariakani. Njia nzima nilikuwa nikijipanga. Nilikuwa na matusi mapya, matusi yaliyopikwa, ya miaka. Nilimkuta nje ya nyumba yake na kanzu nyeupe, nywele zimeingia mvi, anawapokea wageni. Nikasimama mbele yake, nikapaza sauti ili watu wote wasikie, "Nimekuja kuhakikisha kama huyu binti ni mzuri kweli, maana na baba mwenye uso huu, bwana harusi hana budi kufungwa macho!"

Watu wakacheka. Wazee waliotujua wakageuka na furaha, wakangoja zamu yake, maana walikumbuka tulivyokuwa. Mimi nami nikangoja. Nilimtazama mdomoni.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Karibu, ndugu yangu," akasema. "Umetuheshimu sana kuja. Ingia ndani, upate chakula."